Risasi Iliyolia Kinamasini

"Alilia," Onni Hautala alisema. "Bunduki ilipiga, halafu kaka yangu akalia. Andika hivyohivyo."

Mpelelezi Marlys Trudeau hakuandika. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nondo, kofia ya manyoya magotini, akimtazama mtu ambaye tangu Jumamosi hajala zaidi ya nusu biskuti. Jela ya kaunti ina vyumba viwili tu. Hicho kingine kilikuwa kimejazwa mapambo ya Krismasi ya mji wa Karvala, na Baba Krismasi wa plastiki, mrefu kama mtu mzima, alisimama nyuma ya nondo akitabasamu na kusikiliza kila neno.

"Daktari anasema Tauno alikatika uti wa shingo palepale," Marlys alisema. "Mtu wa hivyo halii, Onni. Hapati hata nafasi ya kusema 'ah'."

"Basi niambie ni nani aliyelia."

"Ulipiga mara ngapi?"

"Moja."

"Jirani wa ng'ambo ya kinamasi alisikia milio miwili."

"Sherifu anasema wa pili ni mwangwi."

"Sherifu nimeshazungumza naye. Nakuuliza wewe."

Onni alijifuta uso kwa mikono yote miwili. "Moja. Nilimwona kulungu dume kwenye ukungu, nikapiga. Masikio yakaziba. Halafu kile kilio. Hakikukaa mahali pamoja, afande. Kilipita. Kilipita juu ya maji kikaenda kule kwa Tauno, kikanyamaza."

Hapo Marlys aliandika. Maneno mawili: *kilio kilipita*.

"Ijumaa jioni," Onni aliendelea, "nilimwambia mbele ya Mzee Vilho kwamba akithubutu kuiuza kambi ya kuwindia ya baba, nitamzika humohumo. Asubuhi yake akawa maiti. Kambi nzima bunduki ndogo ni yangu peke yangu, na daktari anasema risasi ni ndogo. Saa tisa jaji akiniuliza, nitasema ndiyo."

"Ndiyo ya nini?"

"Ndiyo ya chochote atakachouliza."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo asubuhi. Marlys alivaa kofia yake. Alipofika mlangoni aligeuka, na aliyekuwa akimtazama si Onni bali yule wa plastiki.

* * *

Kambi ya akina Hautala ni nyumba ya magogo kwenye ukingo wa kinamasi, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeimeza mpaka madirishani. Mzee Vilho Pesola alifungua mlango kabla hajabishiwa. Miaka sabini na minne, nyusi kama burashi za viatu. Alikuwa rafiki wa baba wa Tauno na Onni, na baba alipokufa, yeye ndiye aliyebaki mkubwa wa kambi.

"Ingia, binti Trudeau. Baba yako aliwahi kulala hapa siku moja, akakoroma mpaka kulungu wakahamia Kanada."

"Na yeye alisema kahawa yenu ndiyo iliyowafukuza."

"Marehemu alikuwa mwongo, Mungu amrehemu."

Alimkatia pasti, lile andazi nene la nyama na viazi ambalo huku mtu hupewa kabla hajaulizwa jina. Birika lilikuwa limening'inia kwenye ndoano juu ya jiko. Vilho alilifikia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulibaki umelala kifuani kama wa mtu anayeimba wimbo wa taifa.

Ukuta wote wa nyuma ulikuwa umejaa vipande vya vitambaa: vya drafti, vya mistari, vyekundu vilivyofifia mpaka vikawa rangi ya ufizi. Ni mapindo ya mashati. Anayemlenga kulungu akamkosa, jioni wenzake humkata pindo la nyuma la shati, wakaligongelea ukutani pamoja na jina na tarehe. Hakukuwa na upepo ndani, lakini mapindo yalikuwa yakipepea kidogo, kama vile wenyewe bado wanapumua ndani yake.

"Tauno anayo tisa," Vilho alisema. "Onni manne. Baba yao kumi na moja, alikuwa hana shati zima."

"Na wewe?"

"Miaka hamsini na moja, binti. Tafuta mpaka kesho."

Bunduki nne zilikuwa kwenye rafu. Polisi walishaichukua ya Onni, hivyo pengo lake lilibaki kama jino lililong'oka. Zote zilizosalia zilikuwa bunduki kubwa, zile ziitwazo za thelathini kwa upana wa risasi zake, zinazomsukuma mpigaji kama fahali mwenye haraka. Ya Vilho ilikuwa na utepe wa gundi mdomoni mwa mtutu, wa kuzuia theluji isiingie. Marlys aliukagua. Ulikuwa mzima, tena una vumbi.

"Jumamosi hukupiga kabisa?"

"Si unaona utepe? Nilikaa, nikaganda, nikarudi. Halafu nikasikia kile kitu." Mzee alishusha sauti. "Mama yangu alikuwa akisema kinamasi hiki kina mtema magogo aliyezama, na kila akitaka mwenzake huita. Mimi si mtu wa hadithi. Lakini nilikisikia."

"Ulikisikia kikitokea wapi?"

Vilho alifikiri. "Mbele yangu. Kama kimetoka miguuni pangu kikakimbia."

Marlys aliandika na hilo. Kisha akachukua pasti yake, akatoka.

* * *

Kibanda cha kuvizia cha Tauno ni sanduku la mbao nyembamba lenye tundu la kuchungulia, kiti kimoja, na blanketi la jeshi lililopigwa misumari ukuta wa nyuma kuzuia baridi. Kikombe cha kahawa kilikuwa bado juu ya ubao, kahawa imeganda ikiwa na alama ya mdomo pembeni.

Ukutani mbele, chini ya tundu la kuchungulia, risasi ilikuwa imetoboa. Watu wa sherifu walilizungushia tundu hilo chaki na kuandika: *imegonga tawi*. Marlys alichutama. Risasi iendayo sawasawa hutoboa duara. Tundu hili lilikuwa refu, limelala, ncha upande mmoja na butu upande wa pili. Lilikuwa picha kamili ya risasi iliyoingia kwa ubavu.

Tawi, basi. Alitoka akatafuta tawi. Alitafuta nusu saa, mti kwa mti, kuanzia kibandani hadi ukingo wa maji upande aliokuwa Onni. Hakukuta hata kijiti kilichochubuka. Aliporudi, alisimama ghafla.

Kulungu jike alikuwa mbele ya kibanda, hatua ishirini tu. Hakumshtukia Marlys. Masikio yamesimama, pua inatoa moshi, alikuwa amekikazia macho kile kiti kitupu kama anayesubiri kiti kiseme kwanza. Marlys alipiga makofi. Kulungu hakukimbia. Aligeuka polepole, akatembea kuingia kwenye ukungu, na ukungu ukafunga nyuma yake bila sauti.

"Haya, na wewe nitakuhoji baadaye," Marlys alisema, na sauti yake haikumpendeza hata yeye mwenyewe.

Ndani, alifanya jambo ambalo watu wa sherifu hawakulifanya, kwa kuwa walishaamua kwamba risasi ilipenya blanketi na ukuta, ikapotelea porini. Aling'oa misumari ya blanketi. Nyuma yake palikuwa na nguzo ya mwerezi, na kwenye nguzo kulikuwa na shimo dogo. Alichokonoa kwa kisu taratibu, mpaka kikadondoka kiganjani: kichwa cha risasi, chembamba, kirefu kupita kawaida, hakijapondeka hata kidogo.

* * *

Duka la Wendell Skoglund huuza risasi, chambo, chumvi ya kumwaga barabarani na ushauri. Ushauri ni bure, na ndiyo maana ni mwingi. Mbwa wake mzee alikuwa amelala mlangoni, na kila mteja humruka.

"Mpelelezi wangu! Umekuja kununua au kunifunga?"

"Nipimie hiki."

Wendell alikibana kwenye kipimo chake cha chuma, akasoma, akavua miwani, akasoma tena. "Milimita tano nukta saba."

"Ya Onni ni ngapi?"

"Yake ni 243. Sita nukta mbili. Hiki hakiwezi kutoka kwake hata ukikibembeleza. Kingechezacheza mtutuni kama njegere kwenye bomba." Aliacha kucheka alipouona uso wake. "Ndicho hicho?"

"Pima uzito."

Mizani ya baruti ilitulia karibu na greni sabini na tano, chini kidogo ya gramu tano. Wendell alipiga mluzi.

"Sasa hapa pana kitendawili. Watu wengi wenye bunduki za kipenyo hiki wanapiga mbweha. Hao nawauzia kichwa chepesi, greni hamsini, kinakwenda mbio, kikigusa ngozi kinasambaratika. Kwa kulungu hicho ni ukatili: kinapasuka begani, mnyama anakwenda kufa kesho kutwa. Mtu akitaka kulungu kwa bunduki ndogo, namwambia anunue kizito, kigumu, kiingie mpaka moyoni. Kama hiki. Lakini namuuliza kwanza: mtutu wako unazungusha kiasi gani?"

"Nieleze kama mimi ni mbwa wako."

"Mbwa wangu anajua. Utotoni umecheza pia, ile ya kuzungusha kwa kamba? Pia fupi inasimama hata ukiizungusha kivivu. Ndefu inataka kasi, la sivyo inayumba na kuanguka. Kichwa kizito ni kirefu. Bunduki za siku hizi zina mifuo, ile mifereji ya ndani ya mtutu, inayokizungusha duru moja kila inchi saba, kinatulia kama kasisi. Za zamani zilitengenezwa kwa risasi nyepesi za mbweha. Duru moja kila inchi kumi na nne. Ukitia kirefu humo, kinatoka mdomoni kikianza kupiga sarakasi. Kinakwenda kinakotaka chenyewe."

"Na kikifika?"

"Kinafika kwa ubavu."

"Unayo bunduki ya namna hiyo?"

Anayo, Wendell ana kila kitu ambacho hakinunuliki. Alitia kitambaa kwenye fimbo ya kusafishia, akaipiga alama, akaisukuma mtutuni huku akiiangalia ikijizungusha yenyewe kwa mifuo. Duru moja, inchi kumi na nne. Wakaenda nyuma ya duka, kwenye uwanja wa kulengea. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya theluji. Kadibodi ya kulengea ilionekana kwa tabu, kama uso wa mtu nyuma ya pazia.

Wendell alipiga.

Mlio ulikatika, na nyuma yake kikaja kitu kingine. Kilianza chini, kikapanda, kikatetemeka, sauti ya mwanamke aliyefikwa na msiba, ikapita hewani kutoka walipokuwa mpaka ng'ambo na kukatika. Mbwa ambaye hakuwa ameamka tangu Ijumaa aliinua shingo mlangoni akajibu, mlio mrefu uleule, na hakunyamaza mpaka Wendell alipomtupia chambo.

"Mama yangu," Wendell alisema.

Walikwenda kuangalia. Kadibodi ilikuwa na tundu moja, mbali na katikati kwa hatua nzima kushoto. Refu, limelala, ncha huku na butu kule.

"Nani amenunua kichwa hiki msimu huu?"

"Wawili tu. Daktari wa meno wa Green Bay, ana bunduki mpya ghali kuliko gari lako..."

"Inazungusha kila inchi ngapi?"

"Saba. Niliipima mwenyewe."

"Basi yake isingelia. Wa pili?"

Wendell alikuna kidevu. Hakutaka. "Mzee Vilho. Lakini hakuwa akijinunulia, Marlys. Alisema ni za mpwa wake. Nikamuuliza, mtutu wa mpwa unazungusha kiasi gani? Akasema nipe nzito kuliko zote, kulungu hauawi kwa makombo. Wale wa bunduki za thelathini wote ni hivyo. Kwao uzito ndiyo dini."

"Vilho alizaliwa peke yake," Marlys alisema. "Na marehemu mkewe Lempi pia alizaliwa peke yake. Mpwa angetoka wapi?"

Wendell alitazama kadibodi. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

* * *

Nyumba ya Vilho mjini iko nyuma ya kanisa la Kilutheri. Mzee alikuwa ametoka kambini kuja kuvaa shati safi, kwa kuwa alitaka kuwapo mahakamani. Marlys alimkuta jikoni, vifungo nusu.

"Bega linaendeleaje, mzee?"

"Bega gani?"

"La kulia. Lile lisilofika kwenye birika."

Vilho alicheka, na kicheko kikaisha kabla hakijafika mwisho. "Walinipasua bega Agosti. Daktari akaniambia bunduki ya thelathini tena basi, itaning'oa. Nani amekuambia? Ukiwaambia wale vijana kambini nitahama mji."

"Kwa hiyo Jumamosi ulibeba ipi?"

Bomba lilidondosha tone kwenye sinki.

"Ya Lempi," mzee alisema hatimaye. "Alikuwa akipigia mbweha waliokuwa wanakula kuku wake. Niliificha kwenye gari, kubwa nikaiacha rafuni. Unajua watu wanavyosema pale? Mtu akija na bunduki ndogo wanamuuliza anakwenda kuua kindi au kuwachekesha. Miaka hamsini na moja, binti. Nilitaka msimu mmoja tu zaidi."

"Nione."

Aliitoa kabatini, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cha jikoni cha mkewe. Marlys alitia kitambaa kwenye fimbo, akapiga alama, akasukuma. Fimbo ilizunguka kivivu, kama mtu anayegeuka usingizini. Alipima kwa rula. Kumi na nne.

"Na ulipiga," alisema.

"Mara moja. Kulungu alikuwa mbele yangu, mweupe tumboni, hatua sitini hata hazifiki. Nikakosa!" Vilho aligonga meza kwa ngumi ya kushoto, na uso ukamwiva kwa aibu halisi. "Onni naye alikuwa amepiga kabla kidogo tu, milio ikakaribiana. Nikaona, basi, hakuna atakayejua. Nikaokota ganda la risasi nikatia mfukoni. Unaona mambo? Tauno anakufa, na mimi nimekaa kule nawaza shati langu. Nikifunga macho naliona hilo kuliko vyote."

"Ulipopiga, kilio kilikuja wakati gani?"

"Papo hapo. Nilikuambia. Kama kimetoka..."

Akaishia hapo.

Marlys hakumsaidia. Alitoa kile kichwa cha risasi kutoka mfukoni akakiweka juu ya meza. Kisha akatoa kimoja kipya alichopewa na Wendell, akakilaza kando yake. Vilikuwa ndugu.

"Tauno alikuwa kushoto kabisa," Vilho alisema. "Mimi nililenga mbele. Kibanda kiko kushoto, binti, mtoto hawezi kukipiga kutoka pale. Kushoto kabisa."

"Bunduki ya Lempi haiwezi kuzungusha risasi nzito. Ikitoka inapinduka. Inakwenda inakotaka, na inalia njia nzima. Nimeisikia leo nyuma ya duka. Mbwa wa Wendell ameijibu."

Mzee alivitazama vile vichwa viwili kwa muda mrefu. Nje gari lilipita likakokota theluji ya matope. Alipozungumza tena, alikuwa akizungumza na meza.

"Wendell aliniuliza. Aliniuliza unazungusha kiasi gani. Nikamdanganya, nikasema ni za mpwa."

"Ndiyo."

"Kama ningesema ni zangu, angenipa nyepesi."

"Ndiyo, mzee."

"Nilimbeba Tauno yule akiwa na siku tatu. Baba yake alikuwa amelewa kwa furaha, akaogopa kumwangusha." Alifunga kifungo kimoja cha shati, akakosea tundu, akakiacha. "Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika thelathini na tano."

"Na Onni atasema ndiyo?"

"Ameniambia hivyo. Anaamini ni yeye. Amekaa siku mbili akikisikia kile kilio."

Marlys alipiga simu jela. Askari wa zamu aliupokea ujumbe, akatukana, akaomba radhi, akakimbia. Sauti ya viatu vyake ilisikika ikipungua ukumbini. Mlango wa chuma. Maneno. Kisha pumzi ya mtu kwenye simu.

"Onni," Marlys alisema. "Sikiliza vizuri. Haikutoka kwenye bunduki yako. Nimepima, Wendell amepima. Usimwambie jaji ndiyo."

Halafu Onni aliuliza, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeamshwa:

"Basi ni nani?"

Marlys alifungua mdomo. Mkono wa kulia wa Mzee Vilho ulikuwa umenyooka juu ya meza kumwelekea. Ulifika usawa wa kifua, ukagoma. Mzee alikunja uso kwa maumivu na kuuinua zaidi, mpaka vidole vikaigusa simu.

"Nipe," alisema. "Hilo asilisikie kwa polisi."

Marlys akaiachia.

"Mwanangu," Vilho alisema kwenye simu. "Uko umesimama? Kaa chini kwanza."

Akasubiri mpaka aliposikia kigoda kikikokotwa sakafuni.

"Ni mimi."